Saa Ambazo Kobe Hakuuzwa

Kifuniko cha birika kiligongagonga mara tatu, kisha kikanyamaza ghafla, kama kilichoshikwa. Inspekta alijua kimeshikwa na nani. Mumewe huamka kabla yake kila siku, huchemsha maji gizani na kukikandamiza kile kifuniko kwa kitambaa kisimwamshe, na kila siku kifuniko humwahi kwanza. Inspekta hakuwahi kumwambia kwamba huwa yuko macho.

Alipofika mezani, chai ilikuwa tayari na jalada la kesi lilikuwa limesogezwa upande wenye taa. Mumewe aliuliza tu kama ni leo. Akajibu ndiyo, leo Jumanne, saa nane mchana.

Saa nane mchana fundi simu angefikishwa mbele ya hakimu. Kama hakungekuwa na jipya, angepelekwa mahabusu, na kesi za aina ile huchukua mwaka, hata miaka miwili, mtu akiwa ndani. Inspekta ndiye aliyemkamata. Ushahidi ulitosha kumkamata. Kama ulitosha kumfunga, hapo hakuwa na hakika, na alikuwa amebakiwa na saa tisa.

Kesi yenyewe, mtu akiisikia mara ya kwanza, hucheka. Kobe ilikuwa sarafu ya mtandaoni, haishikiki mkononi, haina benki wala serikali nyuma yake. Ilianza kama mzaha: picha ya kobe aliyevaa tai na miwani ya jua, na chini yake maneno mawili, "Atafika tu." Sarafu za namna hiyo ni nyingi. Mtu hutunga kichekesho, hukipa bei, wengine hukinunua huku wakicheka, na bei hupanda kwa sababu watu wananunua. Bei ya Kobe mmoja ilikuwa ndogo mno; ulihesabu sifuri nne baada ya nukta ndipo ukutane na tarakimu. Lakini watu hawakutazama bei peke yake. Soko dogo la mtandaoni lililoiuza lilikuwa na ukurasa wa takwimu: bei ya sasa, thamani ya Kobe wote, idadi ya mauzo katika saa iliyopita, idadi ya watu wenye sarafu hiyo. Mauzo yalikuwa mengi mchana kutwa. Watu wakaambizana kwamba soko lenye pilikapilika namna ile haliwezi kuwa la uongo. Wakanunua. Jumamosi moja asubuhi, mwenye Kobe wengi aliwauza wote kwa mkupuo, na kabla ya dakika arobaini kwisha Kobe ilikuwa imebaki jina. Jumatatu yake watu sitini na mmoja wa mtaa mmoja walijipanga kituoni.

Wote walimtaja fundi simu. Ndiye aliyewawekea programu ya kununulia kwenye simu zao, kwa malipo ya soda moja. Tena laini ya simu iliyofungua kundi la kuitangaza Kobe ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake. Fundi hakukana. Alisema amewahi kusajili laini kwa jina lake kwa wateja waliosahau vitambulisho nyumbani, kama saba au wanane, kwa kuwaonea huruma wasirudi na jua, na hakumbuki ipi alimpa nani. Koplo aliyeandika maelezo hayo alisema katika miaka yake yote hajaona mtu aliyejifunga kwa huruma vizuri namna ile.

Kisha kulikuwa na ripoti ya mtaalamu wa kompyuta, ukurasa mmoja tu. Alisema mauzo yale mengi yalikuwa ya mtu mmoja akijiuzia na kujinunulia mwenyewe, ili soko lionekane limechangamka. Kwa wingi wake, alidhani yalifanywa na programu inayojiendesha, isiyolala wala kuchoka, kwa hiyo saa za mauzo zisingesaidia kumtambua mtu. Ukurasa wa takwimu ulikuwa umeshafungwa. Wenye soko walikuwa nchi nyingine na hawakujibu barua mbili. Mtaalamu alikuwa ameokoa jumla za kila siku tu.

Inspekta alirudia maelezo ya walalamikaji, safari hii yale aliyoyapitia juu juu. Ya thelathini na tisa yalikuwa ya mwanamke mzee, mstaafu wa kituo cha hali ya hewa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mvua. Pembeni Koplo alikuwa ameandika kwa penseli: "Namba tupu. Anapenda kuongea." Mama Mvua alikuwa ameeleza bei ya Kobe siku aliyonunua, saa tatu asubuhi, kisha saa sita, kisha saa tisa, sifuri zote mahali pake. Inspekta alisoma mistari ile mara mbili, akaanza kuvaa viatu.

Mumewe alimwonyesha kikombe kwa kidevu. Akakinywa amesimama, mpaka chini.

*

Koplo aliendesha huku akilalamika. "Afande, yule bibi atakuhesabia mvua ya mwaka niliozaliwa."

"Vizuri. Nitajua ulinyeshewa kiasi gani."

Nyumba ya Mama Mvua ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo wa saruji. Katikati ya ua, mbali na ukuta na mbali na paa, kulisimama kipimamvua cha bati kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Mwenyewe alikuwa amekaa dirishani kwenye kiti chenye mto, mguu wa kushoto umenyooshwa. Mwaka uliopita alianguka akavunjika nyonga. Mezani kulikuwa na saa, rula, penseli mbili zilizochongwa, na simu ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka kikazibwa kwa gundi kwa uangalifu mkubwa. Alipoona Inspekta anaitazama, alisema aliyeiziba ni fundi simu, na hela alikataa.

Inspekta alimwamkia, akamwomba radhi kwa kuja mapema. Mama Mvua alisema mapema ni kabla ya saa kumi na mbili. Saa mbili ni mchana. Akamwambia Koplo avute kile kiti kingine, kile chenye mguu mzima, asije akadondoka na bunduki. Koplo alisema hana bunduki. "Basi udondoke salama," alisema Mama Mvua, na Koplo akavuta kiti chenye mguu mzima.

Inspekta alimweleza yote wazi: kwamba fundi anapelekwa mahakamani leo, kwamba yeye mwenyewe hana hakika, na kwamba amekuja kwa sababu ya zile namba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo ya meza akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu.

Alikuwa amefanya kazi kituoni miaka thelathini na mmoja. Kila siku, iwe sikukuu au msiba, vipimo vilichukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na mbili jioni. Alipostaafu alishindwa kuacha. Aliendelea kupima mvua uani kwake ingawa hakuna aliyemwomba. Malimbikizo yake ya pensheni yalipotoka, aliyatia yote kwenye Kobe. Alitaka siku moja amkabidhi mwanawe wa mwisho kitu cha kuanzia maisha, bila kijana kujua kimetoka wapi. Na mara tu alipokuwa na Kobe, akaanza kumpima.

"Ulikuwa unajaribu kutabiri bei?" Inspekta aliuliza.

"Mwanangu, sisi tulipima. Kutabiri kulikuwa na watu wake, na walikuwa wanalipwa zaidi."

Daftari lilikuwa na wiki kumi na moja. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, bei, thamani ya wote, mauzo ya saa iliyopita, idadi ya wenye sarafu, na mwisho safu nyembamba ya maoni. Mwandiko ulikuwa mdogo, umesimama wima, na palipokosewa pamekatwa kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Inspekta alimwomba Koplo atoe karatasi ya mtaalamu. Kwa nusu saa walilinganisha: Koplo alisoma jumla ya siku, Inspekta akatafuta mistari ya siku hiyo kwenye daftari. Hakuna mahali zilipogongana. Koplo, ambaye alianza kusoma kwa sauti ya mtu anayesaidia mgonjwa, alimaliza kwa sauti ya kawaida.

Jambo la kwanza lilionekana upesi. Safu ya wenye sarafu ilipanda taratibu, hamsini, sabini, themanini na wanne, lakini mauzo yalikuwa mia na thelathini, mia na arobaini kwa saa, tangu juma la kwanza. Mama Mvua alisema na yeye aliliona hilo. Watu themanini na wanne hawawezi kuuziana kitu mara mia na arobaini kwa saa moja bila kugombana. Alidhani labda ni watu wa mbali ambao ukurasa haujawahesabu. Hakuuliza, kwa sababu kazi yake haikuwa kuuliza. Inspekta alisema hilo mtaalamu ameshaligundua, na kwamba linaonyesha uongo tu, halionyeshi muongo.

Alirudi mwanzo wa daftari, akaweka rula wima kwenye safu ya mauzo, akaishusha polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Alifika wa nne akasimama. Akarudi wa kwanza.

"Koplo. Jumanne, saa sita."

Koplo aliinama. "Mawili."

"Ijumaa, saa sita."

"Hakuna. Sifuri." Alifungua ukurasa uliofuata bila kuambiwa. "Jumanne, sifuri. Ijumaa, matatu. Siku nyingine zote mia na kitu."

Kwenye safu ya maoni, mbele ya kila mstari wa namna hiyo, kulikuwa na herufi K. Mama Mvua alieleza kwamba kipimo kikichukuliwa nje ya kituo lazima kiandikiwe mahali kilipochukuliwa. K ilikuwa kliniki. Jumanne na Ijumaa saa tano huenda kwenye mazoezi ya nyonga, na saa sita kamili, akishakalishwa kwenye benchi la nje, hufungua simu na kuandika.

Koplo alinyoosha mgongo kwa kukata tamaa. Basi ni mtandao, alisema. Hospitali zina kuta nene. Ukurasa ulikuwa unafunguka nusu. Si mauzo yaliyokosekana, ni simu ya mama.

Mama Mvua alivua miwani. "Kijana, unasema kipimo changu ni kibovu?"

"Nasema simu, mama."

"Simu niliishika mimi."

Inspekta aliwaacha wakavutana kidogo huku yeye akifuata mistari ya K kwa ncha ya penseli. Kisha akamgeuzia Koplo daftari. Bei ya saa sita kwenye mistari ile haikuwa ile ya saa tatu wala ile ya saa tisa. Ilikuwa imesogea tarakimu moja au mbili za mwisho. Na Ijumaa ya wiki ya tano, wenye sarafu walitoka sabini na mmoja asubuhi wakafika sabini na wawili saa sita, kwenye mstari wa K, na saa tisa wakabaki sabini na wawili. Kama ukurasa ungefunguka nusu, yule mmoja asingeonekana. Ukurasa ulifunguka. Sifuri ilikuwa sifuri.

Koplo alimwomba mama msamaha, naye akavaa miwani tena.

"Mtaalamu anasema ni programu," Inspekta alisema taratibu, kama anayejisomea. "Programu haina Jumanne. Haina saa tano. Huyu alikuwa anaacha."

"Basi ni mtu," alisema Koplo. "Anabonyeza kwa mkono."

"Kwa mikono, labda na simu mbili. Kila sekunde ishirini, thelathini. Na mara mbili kwa wiki, saa nzima, mikono ina kazi nyingine."

Koplo alitaja mambo yanayomshika mtu siku mbili za wiki: zamu, masomo, ibada. Fundi simu alifungua kibanda chake kila siku bila kupumzika hata mchana. Hilo walikuwa nalo kwenye maelezo ya mashahidi kumi. Ilikuwa pointi kwake, ila haikutosha mbele ya hakimu. Inspekta alikubali, akaendelea kushuka na rula.

Wiki ya saba ilikuwa tofauti. Ijumaa saa sita, mauzo mia na thelathini na nane, na hakukuwa na K. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, saa sita, sifuri. Na K.

Aliuliza wiki hiyo kulikuwa na nini. Mama Mvua alikumbuka mara moja. Chumba cha mazoezi kilikuwa kinapakwa rangi siku ya Ijumaa, wauguzi wakawahamishia wagonjwa Alhamisi. Walikuwa wamewapigia simu mmoja mmoja, hata wale wa mbali, wasije wakasafiri bure.

Inspekta alisimamisha penseli kwenye mstari wa Alhamisi. Koplo alimtazama, kisha akatazama daftari, kisha akatazama sakafu. Pengo lile halikufuata Ijumaa. Lilifuata K. Kliniki ilipohama, nalo lilihama.

Mzee alikuwa bado anaeleza habari za rangi, kwamba ilikuwa ya kijani na ilinuka wiki mbili. Inspekta alingoja amalize. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa wiki ya tisa: Jumanne, saa sita, K, mauzo mia na hamsini na mawili. Alimwonyesha kwa penseli, bila kuugusa.

"Na siku hii, mama? Ulikuwa kliniki, lakini mauzo yaliendelea."

Mama Mvua aliinama akasoma. "Hii nakumbuka. Siku hii nilikwenda na jirani. Mwanangu wa mwisho, Kitinda, alikuwa na homa, amelala kwake..."

Hakumalizia. Alivuta daftari upande wake. Alichukua rula yake mwenyewe, akaiweka kwenye mstari wa kwanza wenye K, akaishusha kwa mkono uliotulia, mstari kwa mstari, wiki zote kumi na moja, kama alivyokuwa akihakiki vipimo vya wenzake kabla ya kuvituma makao makuu. Ilichukua muda mrefu. Inspekta alimpa Koplo ishara asitikisike.

Alipofika mwisho alifunga daftari.

"Siku nyingine zote hunipeleka yeye," alisema. "Huacha kila kitu. Mle chumbani kuna vyuma viwili vya kushikilia, lakini mimi navihofia. Basi hutembea kinyumenyume mbele yangu, saa nzima, amenishika mikono yote miwili."

"Mama, huna lazima ya kusema dhidi ya mwanao."

"Nimeshasema. Nilianza kusema siku nilipoandika mstari wa kwanza." Aligeukia dirishani. "Fundi ana siku ngapi mle ndani?"

"Sita."

"Ana mtoto wa kunyonya yule," alisema.

*

Kitinda alikuja saa nne na nusu, kama ilivyokuwa kila Jumanne, teksi ikingoja nje. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, amebeba viatu vya mama yake alivyovipeleka kubandikwa soli ya mpira isiyoteleza. Aliona sare ya Koplo, akaona Inspekta, akawaamkia wote wawili. Kisha akachuchumaa mbele ya mama yake, akaanza kumvisha viatu, kwa sababu ndicho alichokuja kufanya. Simu mbili zilikuwa zimetuna kwenye mifuko yake ya suruali, moja kila upande.

Inspekta alifungua kinywa, lakini mzee alimwahi.

"Kitinda. Kobe ni wako?"

Vidole vilisimama kwenye kamba za kiatu. "Nani amekwambia, mama?"

"Wewe. Kila Jumanne na Ijumaa."

Alimfungulia daftari magotini mwake, akamwonyesha safu. Kijana alisoma. Alipoelewa, rangi ilimtoka usoni, akakaa sakafuni kabisa, kiatu kimoja mkononi.

"Nilidhani unaandika mambo ya mvua," alisema.

Inspekta alimweleza kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakachosema kitaandikwa na kupelekwa mahakamani, na kwamba anaweza kungoja wakili. Alilisema lote, taratibu, na akamuuliza kama ameelewa. Alisema ameelewa. Akasema bora aseme hapa kuliko kule.

Maelezo yake hayakuwa marefu. Alimtunga Kobe kuwachekesha marafiki. Wachache walinunua, kisha soko likafa, na akaona aibu. Akaanza kumuuza Kobe huku na kule kati ya akaunti zake mwenyewe, ionekane yuko hai. Programu ya kufanya hivyo hakuijua, na kumlipa anayeijua hakuweza. Alibonyeza tu, asubuhi mpaka jioni, simu mbili. Alikuwa hana kazi, akajifanyia hiyo. Ndipo wakaja watu asiowajua. Kila siku alijiambia kesho ataacha. Jumamosi ile alitazama thamani yake akaona idadi ambayo hajawahi kuiona ikiwa karibu na jina lake, na akabonyeza kuuza kabla hajajizuia. Hela ipo, alisema. Aliogopa kuitumia. Ametoa kodi ya chumba ya miezi miwili tu.

"Na laini ya simu?" Inspekta aliuliza.

"Fundi alinisajilia. Nilimwambia nimesahau kitambulisho."

"Ulikuwa umekisahau?"

"Hapana."

"Yuko ndani siku ya sita."

Alikunja uso kama mtoto anayezuia chozi. "Nilidhani watamwachia. Wangeona hana hata senti ya Kobe, wangemwachia."

Mama yake alikuwa amemsikiliza bila kumkatisha. Sasa alimwambia kwamba walalamikaji ni sitini na mmoja, na kwamba wa thelathini na tisa ni yeye. Akamwambia ni kiasi gani, na kilikuwa cha nani.

Kijana aliweka kichwa kwenye goti la mama yake, lile zima, na mzee akauacha mkono wake juu ya kile kichwa. Hakukipapasa, wala hakuuondoa.

Ilikuwa saa tano kasoro kumi. Baada ya muda Kitinda aliinuka, akatoa simu zote mbili akaziweka mezani, akataja namba za kuzifungulia. Kisha akauliza jambo moja, akimtazama Koplo badala ya Inspekta: kama anaweza kumpeleka mama kwanza. Leo ni siku yake. Akikosa siku moja, nyonga hukaza.

Koplo alimtazama mkubwa wake. Inspekta alipiga hesabu. Alimpigia mwendesha mashtaka, akamwambia jalada la fundi lisiguswe mpaka afike, na kwa nini. Akamlipa dereva wa teksi kwa kungoja kwake, wote wanne wakaingia kwenye gari la kituo.

Chumba cha mazoezi kilikuwa cha kijani kweli. Koplo alikaa kwenye benchi akaandika maelezo upya, vizuri, kwa kalamu, daftari likiwa pajani mwake limefungwa kwenye mfuko wa vielelezo. Inspekta alisimama mlangoni. Kijana alitembea kinyumenyume, mzee akamfuata, hatua fupifupi, mikono minne imeshikana. Mara moja tu mzee alimwambia asiharakishe. Saa sita ilipotimia Kitinda alimkalisha, akauachia mkono mmoja, kisha wa pili, akamweleza muuguzi ni upande gani unaouma zaidi leo. Kisha akaja mwenyewe mlangoni.

*

Saa nane fundi simu aliitwa mbele ya hakimu, na mwendesha mashtaka akasimama kuondoa shtaka. Fundi hakuelewa mara ya kwanza, ikabidi arudiwe. Nje kwenye ngazi aliomba maji. Inspekta alimletea, akamwambia yeye ndiye aliyemkamata na yeye ndiye aliyekosea, na kwamba hilo atalisema kwa maandishi kwa watu wa mtaa. Fundi alikunywa, akauliza ni nani basi. Alipoambiwa alizungusha kikombe, akasema ndiyo, sasa anamkumbuka. Kijana alikuwa na haraka, alisema mama yake yuko kwenye teksi. Fundi hakuonekana kufurahi. Alimwomba Koplo ampigie mke wake, maana simu yake, ya fundi simu, ilikuwa imezima chaji.

Saa kumi jioni Inspekta alirudi kwenye nyumba yenye kipimamvua. Daftari sasa lilikuwa kielelezo na sheria ilitaka mwenyewe asaini hati ya kulikabidhi. Angeweza kumtuma mtu.

Mama Mvua alikuwa kwenye kiti kilekile. Jirani alikuwa amemletea maji ya kuoga na kumfulia shuka bila kuuliza lolote, na alikuwa ameondoka hivi punde. Mzee aliisoma hati yote, mstari kwa mstari, akasahihisha idadi ya kurasa: si arobaini na tano, ni arobaini na sita. Akasaini. Aliuliza kama fundi amekula. Amekula. Aliuliza kama kule ndani wanatoa blanketi. Inspekta alisema Kitinda amepewa mbili, na moja haitoki stoo ya kituo.

Mzee alimtazama kidogo kwa juu ya miwani, hakumuuliza imetoka wapi.

Inspekta alieleza yatakayofuata: hela iliyobaki itazuiwa na benki, wenye mali watarudishiwa sehemu, kesi itachukua miezi, na kwamba hakimu ataambiwa kijana alikabidhi kila kitu mwenyewe. Pia atahitajika shahidi wa kueleza lile daftari. Alisema hilo la mwisho kwa shida. Mama Mvua alisema atalieleza. Ni nani mwingine angeweza kulisoma. Kisha wakakaa. Nje mtoto wa jirani aliitwa mara mbili kuja kuoga.

Inspekta alipoinuka, mzee alimshika kiganja, akakishikilia.

"Utakuja tena?"

"Nitakuja, mama. Kuna maswali yamebaki, na saini nyingine mbili."

"Hayo njoo nayo, nitajibu." Hakumwachia. "Lakini nakuomba uje na siku usiyokuwa na swali. Uje tu ukae."